Dakika Tano Bila Marahaba

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumanne ya pili ya mwezi wa saba, mashine ya presha ilisoma 178 kwa 104. Muuguzi Ottilia aliziandika namba hizo kwenye kadi, akaulegeza mkanda kwenye mkono wa mgonjwa, akamwomba asogee ili mwingine akae.

Mgonjwa hakusogea. Alikuwa Ignatio Ndunguru, umri miaka sabini na moja, mwalimu mstaafu kutoka Maguu, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa ameshuka Mbinga mjini siku moja kabla pamoja na mkewe, Kunigunda, kwa sababu kambi ya macho ilikuwa imefunguliwa kwenye ukumbi wa kituo kimoja cha afya: upasuaji bure, siku tatu tu. Ukutani palibandikwa karatasi ya masharti. Sharti la nne lilisema kwamba mwenye presha inayozidi 160 kwa 100 hataingia chumba cha upasuaji.

"Mwalimu, presha imepanda," Ottilia alisema.

"Imepanda kutoka wapi?" Mwalimu aliuliza. "Ulipoipima mara ya mwisho uliikuta wapi?"

Benchi zima likacheka. Kunigunda hakucheka.

"Ignatio, mtu anayekupima hataniwi."

"Simtanii. Huwezi kusema kitu kimepanda kama hujui kilikuwa wapi. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu."

Daktari Zabron, aliyekuja na kambi, aliletewa kadi. Aliisoma akiwa amesimama, akammulika Mwalimu kwa tochi jicho la kulia, kisha la kushoto.

"La kulia limeshakomaa," alisema. "Tungeanza na hilo. Lakini kwa presha hii sikupasui, mzee wangu. Nikilifungua jicho, damu inaweza kuvuja ndani. Nitakuwa nimekutoa kwenye ukungu nikakutia gizani."

"Hadi lini?"

"Meza vidonge vyako kama una vidonge."

"Sina. Sijawahi kuwa na presha."

"Basi pumzika, punguza chumvi, urudi kesho. Ikishuka, nakupasua. Alhamisi tunafunga kambi. Baada ya hapo siwezi kukuahidi kitu, labda mwakani, na likizidi kukomaa kazi yake inakuwa ngumu zaidi."

Kutoka mlangoni mwa ukumbi hadi getini ni hatua thelathini. Ziliwachukua dakika tisa. Mwalimu Ndunguru alifundisha miaka thelathini na nne, na watu aliowafundisha sasa walikuwa wamefika umri wa kuugua macho au wa kuwasindikiza wazazi wao wanaougua macho.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Huyo ni Joakim, darasa la mwaka tisini na nne. Kiwiko kilipona?"

"Kilipona, Mwalimu!"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Sema tena neno moja. Hapana, usinitajie jina. Sema tu, 'kahawa'."

"Kahawa."

"Wewe ni mdogo wake Aidan. Wa mwisho."

Yule mama alipiga makofi. Hakuna aliyejua kwamba Mwalimu alikuwa akiona kivuli tu chenye kitambaa cha rangi fulani, na kwamba mkono wa Kunigunda kwenye kiwiko chake haukuwa wa mapenzi peke yake.

*

Walifikia kwa binti yao Edina, mwenye mgahawa mdogo nyuma ya stendi. Edina alipoambiwa namba, aliiondoa chumvi mezani, kisha akaiondoa na jikoni, akaifungia kwenye kabati la vikombe vya wageni.

Jioni, saa kumi na mbili, waliwekewa ugali, maharage na majani ya maboga. Mwalimu alitafuna tonge la kwanza, akatulia.

"Nani amefariki?" aliuliza.

"Hakuna aliyefariki, baba."

"Mbona hiki ni chakula cha matanga?"

"Ni cha presha. Na sisi sote tunakula hichohicho, usije ukasema tunakutenga."

"Mimi ndiye niliyehukumiwa," Mwalimu alisema. "Mama yenu ana kosa gani?"

Kunigunda alikuwa akimeza bila kutafuna. "Kosa langu ni kuolewa nawe. Kula."

Jirani mmoja alileta vitunguu saumu, mwingine majani ambayo hakuyajua jina. Edina alivipokea vyote kwa shukrani, akaviweka dirishani, kwa sababu daktari hakuvitaja. Alitaka jambo moja tu: jicho la baba yake lipasuliwe kabla ya Ijumaa. Alikuwa na sababu zake. Mwezi wa tano Mwalimu alitumbukia kwenye ngolo ya shamba lake mwenyewe, shimo la Wamatengo la kushika maji ya mvua, alilolichimba kwa jembe lake mwenyewe, akakaa humo robo saa akijifanya anapumzika. Na siku ya Pentekoste alisimama kanisani kusoma somo la kwanza, kama alivyosoma kwa miaka ishirini. Hakuwa akiona hata mstari mmoja, hivyo alisoma kwa kichwa. Alisoma vizuri sana, kwa sauti safi, somo la Majilio, la kabla ya Krismasi.  Jumapili iliyofuata kitabu alipewa mtu mwingine.

"Mwakani si mbali," Mwalimu alisema, akipapasa meza kutafuta kikombe.

Kunigunda alikisogeza kikombe hadi kikagusa vidole vyake. "Si mbali kwa anayeona," alisema.

*

Jumatano, saa mbili na dakika tano asubuhi, Mwalimu alikalishwa kwenye kiti kilekile, kando ya mlango wa ukumbi. Alikuwa amelala usingizi wa saa tisa, amekunywa uji usio na kitu, na hakuwa amepanda kilima chochote. Ottilia alimvua sweta mkono wa kushoto, akafunga mkanda, akabonyeza kitufe. Mashine ikaanza kujaza upepo.

"Shikamoo, Mwalimu!" sauti ilipita mlangoni.

"Marahaba! Huyo ni Egidi?"

"Ndiye, Mwalimu!"

"Baba yako hajambo? Alishauza ile kahawa?"

"Bado, anasubiri mnada."

"Mwambie asiliache gunia chini sakafuni!"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, marahaba. Subiri, usiondoke, nakutambua..."

Mashine ilitoa mlio. 174 kwa 102.

Ottilia alirudia. Mwalimu alikuwa amefika kwenye ukoo wa mtu wa pili. 176 kwa 103.

Daktari Zabron alitikisa kichwa kutoka mbali, akaita jina linalofuata. Hakuna aliyekosewa adabu, na hakuna aliyesemwa vibaya. Mwalimu aliambiwa apishe kiti. Aliinuka, akageukia upande usio na mlango, na kwa mara ya kwanza watu wa benchi walimwona mzee akiusalimia ukuta.

"Nimekula mboga ya maji bure," Kunigunda alisema walipofika nje.  "Bure kabisa."

*

Kwenye kona ya barabara ya sokoni palikuwa na duka la dawa la Adinani. Baba yake Adinani alizaliwa Mbamba Bay, babu yake Kilwa, na yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba alipandishwa milimani na biashara kama mbasa, samaki wa ziwani, aliyepandishwa kwa gunia la barafu. Kaunta yake ilikuwa na mashine ya presha, kipimo shilingi elfu moja.

"Karibuni, Wamatengo," alisema. "Mmekuja kununua dawa au kunisimanga kwamba sina shamba?"

"Huna shamba," Mwalimu alisema, "lakini tumekuja kupimwa."

"Kapimwe kambini, kule ni bure."

"Nimepimwa mara mbili. Nataka ya tatu kwa mtu nisiyemfundisha."

Adinani alicheka, akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, akauweka mkono wake juu ya kaunta, akafunga mkanda. Alikuwa akieleza bei ya vidonge vya aina tatu wakati adhana ya adhuhuri ilipoanza msikitini, nyumba ya nne kutoka hapo. Akanyamaza katikati ya neno. Wateja wawili wakanyamaza. Mwalimu, Mkatoliki tangu ubatizo wake Maguu, alivua kofia, akaiweka gotini, akanyamaza pia, kama alivyotaka wengine wanyamaze kengele ya kanisa inapolia. Edina, aliyekuwa amewafuata kutoka mgahawani, alisimama mlangoni na mfuko wake wa nyanya.

Adhana ilikwisha. Adinani alinong'ona maneno machache, akabonyeza kitufe. Hakuna aliyekuwa ameanza tena kuzungumza. Sekunde thelathini na nane baadaye mashine ilionyesha 146 kwa 88.

"Hii siyo presha ya kumkataza mtu kupasuliwa," Adinani alisema.

"Soma tena," Kunigunda alisema.

"Mia moja arobaini na sita kwa themanini na nane."

Edina aliweka nyanya chini. "Mashine yao mbovu," alisema. "Mashine yao mbovu! Wamemlaza baba yangu bila chumvi kwa ubovu wa mashine!" Akatoka. Mama yake alimwita mara mbili, hakugeuka.

*

Ottilia alikuwa na miaka thelathini na sita, na kati ya hiyo kumi na miwili alikuwa ameitumia kupima watu. Alisikiliza hadi Edina alipomaliza. Ilichukua muda.

"Inawezekana mbovu," alisema. "Mashine huwa zinaharibika. Na ya duka je?"

"Ya duka imesema kweli."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu imesema vizuri."

"Hiyo, dada, siyo sababu. Mwambie Adinani aje nayo."

Adinani alikuja saa nane mchana na mashine ndani ya boksi lake, amelikumbatia kama jogoo wa kuuza. Ottilia aliweka mashine zote mbili juu ya meza moja, akachukua karatasi, akachora mistari. Alianza na Kunigunda, ambaye alikaa kimya kwa sababu alikuwa na hasira: mashine ya kambi ilisoma 122 kwa 76, ya duka 120 kwa 77. Akampima Adinani: 134 kwa 82, na 135 kwa 84. Akampima Edina: 151 kwa 90, na 149 kwa 90.

"Kumbe mwenye presha ni mimi!" Edina alisema.

"Wewe una hasira. Utarudi ukitulia."

Akampima Mwalimu kwa zote mbili, mlangoni, watu wakipita na kusalimia. 172 na 175.

"Basi mashine zote zina akili timamu," Adinani alisema. "Tatizo analo Mwalimu."

Ottilia aliinama mezani. Aliiangalia karatasi yake. Mashine mbili zilikubaliana kwa kila mtu. Kitu kimoja tu hakikukubaliana: Mwalimu wa dukani na Mwalimu wa kambini.

"Dukani alikaaje?" aliuliza.

"Kwenye kiti."

"Alikuwa anaongea nini?"

 "Hakuongea," Adinani alisema. "Ilikuwa adhana."

"Kwa muda gani?"

"Dakika tatu hivi. Nne."

Ottilia aliivuta saa yake ya mkononi ikakaa sawa. "Mwalimu, naomba nikupime tena. Utakaa dakika tano bila kusema neno. Hata moja. Kuongea kunapandisha presha wakati wa kupima. Hilo nimelisoma chuoni, na mimi mwenyewe nimekuacha ukiongea siku mbili, kwa sababu niliona aibu kumnyamazisha mzee. Kosa ni langu."

"Dakika tano ni kitu gani?" Mwalimu alisema. "Nimesimamia mitihani ya saa mbili."

Jaribio la kwanza lilidumu dakika moja na sekunde kumi. Mtu alipita akasema shikamoo, Mwalimu akasema marahaba.

"Mwalimu!"

"Samahani."

Jaribio la pili lilidumu sekunde arobaini. La tatu lilifika dakika tatu, mkanda ukaanza kujaa, mashine ikasikia mkono ukichezacheza, ikaandika alama ya hitilafu: Mwalimu alikuwa amejizuia kusema, lakini amempungia mtu.

"Baba, kwani ukinyamaza utakufa?" Edina aliuliza.

"Mtu amesalimu!"

"Ataelewa!"

"Ataelewa nini? Kwamba Ndunguru sasa ana maringo?" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka, na alichokisema baadaye alikisema kwa upande wa mkewe, ingawa mkewe alikuwa amehamia upande mwingine. "Siwaoni, Kunigunda. Nikinyamaza, wanapita tu kama upepo. Nikijibu, wanasema tena, ndipo najua ni nani. Ukininyima marahaba, umenizima taa."

 Adinani alianza kufunga boksi lake bila sababu. Kunigunda alikuwa ameishi na mtu huyu miaka arobaini na mitano, na alidhani kwamba salamu zake ndefu zilikuwa kiburi cha ualimu.

Saa tisa na nusu ukumbi ulifungwa. Daktari Zabron, ambaye alikuwa bado amevaa kofia ya upasuaji, aliisoma karatasi ya Ottilia mstari kwa mstari.

"Ya dukani siwezi kuitumia," alisema. "Nataka namba mbili zilizopimwa hapa, kesho asubuhi, kimya, kwa kupishana dakika moja. Zote chini ya 160 kwa 100. Nafasi ya mwisho kwenye orodha ni ya saa nne. Nitaiweka wazi hadi saa tatu."

"Chumba cha peke yake hakuna?" Edina aliuliza.

"Vyote vina wagonjwa. Mlango ni huohuo."

*

Alhamisi, saa mbili na dakika arobaini. Mwalimu alikuwa ametoka msalani kwa amri ya Ottilia, amekaa kwenye kiti chenye mgongo kilichoazimwa kwa Adinani, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza. Edina alisimama getini kuwaomba watu wasisalimie. Aliweza kuwazuia kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa kiziwi kidogo.

Kunigunda alisimama nyuma ya kiti, mkono wake wa kulia begani kwa mumewe. Hilo hakuagizwa na mtu.

"Dakika tano zimeanza," Ottilia alisema.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema yule kiziwi kidogo.

Mabega ya Mwalimu yalikakamaa. Kunigunda alijibu, "Marahaba." Kisha akainama, akasema sikioni mwa mumewe, kwa sauti ya kawaida: "Ni Victor wa Kigonsera. Amevaa koti la mvua. Kazeeka."

Mabega yalishuka.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu anapimwa, amekusikia." Na tena sikioni: "Lidia, yule mwenye mapacha. Mapacha wote wapo. Mmoja amekutolea ulimi."

Mdomo wa Mwalimu ulicheza pembeni, lakini haukufunguka. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Watu wa benchi walikuwa wameacha mazungumzo yao. Walikuwa wakitazama saa ya ukutani kana kwamba ni mpira wa fainali.

Katika dakika ya nne na sekunde ishirini, aliingia Luisa.

Luisa alikuwa shangazi yake Mwalimu, dada mdogo wa baba yake, miaka themanini na tisa, naye kaletwa kwa ajili ya macho. Katika watu wote waliobaki duniani, alikuwa mmoja wa wale wachache ambao Ignatio Ndunguru ndiye aliyepaswa kuwaanza kwa shikamoo. Alisimama mbele ya kiti, fimbo mkononi, akasubiri.

Kunigunda aliweza kupokea salamu kwa niaba ya mumewe. Kumsalimia mtu kwa niaba yake kulikuwa kitu kingine. Alijaribu hata hivyo. "Shikamoo, shangazi."

"Yako nimeipokea, mke wetu. Yake iko wapi?"

Ottilia alizidi kuitazama saa yake.

"Ignatio." Fimbo iligonga sakafu. "Nimesema Ignatio. Mimi naona kwa jicho moja tena nusu, lakini nimekuona. Wewe huna hata masikio?"

Dakika tano zikatimia. Ottilia akabonyeza kitufe. Mkanda ukaanza kujaa.

"Nilikubeba mgongoni kutoka mtoni, una surua, unanuka," Luisa aliwaambia watu wa benchi. "Leo kavaa tai, kawa bubu. Au amekufa? Nesi, huyu hajafa?"

"Hajafa, bibi. Anapimwa."

"Nani alisema watu wanaopimwa hawasalimii? Ilitangazwa lini?"

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Jasho dogo lilikuwa limetokea juu ya mdomo. Kunigunda aliinama. "Ni shangazi," alisema, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kusema, na yeye mwenyewe alianza kutetemeka kwa kicheko, na kicheko chake kikapita mkononi hadi begani kwa mumewe. "Ana kile kiatu chake cha kijani. Ana kiatu kimoja cha kijani na kimoja cheusi."

Mlio. 152 kwa 90.

"Moja," Ottilia alisema, akaandika. "Dakika moja tena, Mwalimu. Usiseme."

"Aseme nini, hata hajaanza!" Luisa alisema. Akatafuta benchi, akakaa, akaiweka fimbo katikati ya magoti. "Sawa. Nangoja. Mimi nina siku nzima. Tuone nani atachoka."

Hakuna aliyemcheka, kwa heshima. Lakini Lidia alilazimika kutoka nje na mapacha wake. Sekunde sitini zilihesabiwa kwa saa ya Ottilia. Kitufe. Upepo. Mkono wa Mwalimu ulilala juu ya meza bila kucheza.

Mlio. 148 kwa 88.

"Mbili," Ottilia alisema. "Mwalimu, unaweza kuongea."

Mwalimu Ndunguru alifumbua macho, akainuka huku mkanda bado ukining'inia mkononi, akainamia upande ilikotoka sauti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," Luisa alisema. "Sasa ndiyo umeniona?"

"Bado. Nikishapasuliwa, nitakuona kesho."

Daktari Zabron alizisoma namba zote mbili, akaandika chini yake kwamba mgonjwa ana presha ya juu kidogo na afuatiliwe kila mwezi baada ya upasuaji, akaweka sahihi. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika nne. Mwalimu aliingia chumba cha upasuaji saa nne na robo, akatoka saa tano kasoro dakika kumi, kitambaa cheupe kwenye jicho la kulia. Kabla hajaondoka, Ottilia alichukua kalamu ya wino mzito, akaongeza sharti la saba kwenye karatasi ya ukutani: Anayepimwa presha hasalimiwi.

Adinani, aliyekuja kuchukua kiti chake, alilisoma kwa sauti.

"Duh!" alisema. "Wamatengo wameruhusiwa kunyamaza."

*

Ijumaa, saa tatu na dakika tano asubuhi, kambi ikiwa imeondoka, Ottilia, aliyekuwa muuguzi wa kituo hichohicho, alikibandua kitambaa. Aliupangusa ukope kwa pamba yenye maji ya chumvi, akamwambia Mwalimu afumbue jicho polepole.

Mwalimu alifumbua. Alimwangalia Kunigunda muda mrefu kuliko alivyowaangalia wengine.

"Umevaa kilemba kile cha harusi ya Edina," alisema.

"Ndicho."

"Kimechujuka."

"Na wewe pia," Kunigunda alisema.

Ottilia alimsimamisha mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi, akamfunika jicho la kushoto. Mwalimu alisoma herufi ya juu, kisha mstari wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne, kwa sauti safi, akiachia nafasi kila herufi. Kwenye mstari wa tano alikosa zote isipokuwa moja.

"Hiyo maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake mstari ulioishia, mwenye macho mazuri angeusoma akiwa mita kumi na nane. Wewe umeusoma ukiwa mita sita. Kwa siku ya kwanza ni vizuri sana. Juzi hukuuona hata ubao."

Aliandika mita hizo kwenye kadi, sita kwa kumi na nane, akamkabidhi. Mwalimu aliishika kwa urefu wa mkono, akairudisha nyuma kidogo, akaisogeza mbele kidogo.

"Nesi," alisema. "Nane yako haijafungwa. Inasomeka tatu. Atakayeichukua kadi hii ataona sita kwa kumi na tatu, atadhani nimepona kuliko nilivyopona."

Ottilia aliitazama kadi. Akaichukua, akaikata namba kwa mstari mmoja, akaandika 6/18 upya, akaweka sahihi pembeni.